Nani Afunguliwe Mlango wa Wodi?

Mama yangu alipolazwa miaka michache iliyopita, mimi ndiye niliyekuwa namuuguza. Hospitali ilikuwa mojawapo ya zile za kaskazini mwa Tanzania, sitaitaja. Raundi ya asubuhi ikikaribia ndugu wote tulitolewa nje, nami nilikuwa nimejichagulia dirisha lililokaribiana na kitanda chake. Siku ya pili daktari aliingia akifuatwa na vijana wanne wa Kizungu, makoti yao meupe yakiwa bado na mikunjo ya dukani. Kidonda cha kisukari mguuni mwa mama kikafunguliwa. Vijana wakasogea, mmoja akainama karibu kabisa. Daktari akaeleza kwa Kiingereza, wakaitikia kwa vichwa, wakahamia kitanda kilichofuata. Niliporuhusiwa kurudi ndani mama aliniuliza, "Mwanangu, wale nao ni madaktari?" Nikaenda kumuuliza sista wa zamu. Akanijibu kwa upole kwamba hapana, wala si wanafunzi wa udaktari. Ni vijana wanaojiandaa kuomba nafasi ya kusomea udaktari huko kwao.

Mchana wa siku hiyohiyo mtoto wa kaka yangu alileta uji. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, na tangu darasa la tano hana jibu lingine akiulizwa anataka kuwa nani. Alimwona sista anasukuma kitoroli cha kufungia vidonda, akamwomba kwa adabu asimame pembeni atazame tu. Akaambiwa muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Akatoka na chupa yake ya uji.

Sina kinyongo na sista yule, alikuwa anafuata utaratibu. Utaratibu wenyewe ndio ninaotaka kuujadili. Wodi moja, siku moja: mgeni aliyevuka bahari anaonyeshwa kidonda cha bibi, na mjukuu wa mwenye kidonda, ambaye pengine ndiye atakayekuja kuwatibu watu wa wilaya hii, anaonyeshwa mlango.

Tuanze na wale vijana wanne, kwa sababu hawakuja kwa upuuzi. Marekani mtu haingii chuo cha udaktari moja kwa moja kutoka sekondari. Kwa kawaida husoma kwanza shahada ya miaka 4, akafanya mtihani uitwao MCAT, ndipo akaomba kusomea udaktari kwa miaka mingine 4. Maombi ya vyuo vingi hupitia mfumo mmoja, AMCAS, unaoendeshwa na jumuiya ya vyuo vya udaktari ya nchi hiyo, AAMC. Fomu ile ina nafasi 15 za kuorodhesha kazi na shughuli ulizofanya, na unaruhusiwa kuonyesha 3 kati yake kuwa ndizo zilizokuwa na maana kubwa kwako. Katika mafungu ya shughuli hizo lipo moja lililotengwa kwa ajili ya kumfuata daktari na kutazama kazi yake. Wenyewe huita jambo hilo kuwa kivuli cha daktari, na jina hilo limekaa vizuri. Kivuli kinakwenda aendako mtu, hakishiki kitu, hakisemi.

Fikra iliyo nyuma yake naikubali bila kusita. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na udaktari ni kitanda ambacho wengi wetu hukitamani kwa kukiona kutoka barabarani. Tunaona koti, gari, na watu wanaoinuka kitini daktari akipita. Hatuoni saa kumi ya usiku, daktari wa zamu akiwa na wagonjwa wawili wanaohitaji oksijeni na mtungi mmoja. Kijana akisimama pembeni siku chache akaona hata sehemu ndogo ya hayo, anarudi nyumbani na swali la kweli badala ya ndoto. Hata uganga wa jadi ulikuwa na busara hiyo: kijana aliyetaka kuurithi alianza kwa kumbebea mganga mkoba, akaenda naye kuchimba dawa, akakaa kimya wakati mgonjwa anaeleza shida yake. Mkoba haukukabidhiwa kwa mtu aliyeusikia tu.

Lakini jambo jema likiingizwa kwenye fomu ya ushindani hubadilika. Hakuna idadi moja ya saa ambayo mfumo mzima wa Marekani unaidai, na kwa sababu hiyo waombaji huishi kwa hofu ya kutojua ngapi zinatosha, wakalundika. Saa 50, saa 100, saa 200. Kinachohesabiwa ni muda wa kusimama, na muda wa kusimama hausemi mtu aliona nini. Kijana anaweza kushinda wiki nzima kliniki akitazama simu yake chini ya meza, mwingine akakaa asubuhi moja na daktari wa watoto akatoka amebadilika. Fomu inawaona wote wawili kwa tarakimu, na mwenye tarakimu kubwa anang'aa zaidi.

Halafu tuulize nani anapata daktari wa kumfuata. Mtoto wa daktari humfuata rafiki ya baba yake. Mtoto wa mtaa wa matajiri ana jirani mpasuaji. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani huandika barua pepe 30 na kusubiri, na hata akijibiwa, siku za kusimama bila malipo ni siku ambazo alipaswa kuwa kazini. AAMC ilipochambua kipato cha familia za wanafunzi wake, katika uchambuzi uliotolewa 2018, ilikuta kwamba karibu robo tatu ya wanaoingia vyuo vya udaktari wanatoka katika sehemu mbili za juu kabisa za taifa lile, ukiligawa taifa mafungu matano kwa kipato. Sisemi kumfuata daktari ndiko kumeleta hali hiyo. Ada, mtihani na shule walizosoma vina uzito mkubwa zaidi. Nasema kila kigezo kinachotegemea kujuana kinaongeza jiwe juu ya mzigo uleule.

Uingereza wamelitazama hili na kulegeza. Kule kijana huomba udaktari akiwa na miaka 17 au 18, akiwa na nafasi 4 tu za kozi hiyo kati ya 5 za UCAS, fomu ya kuombea vyuo vikuu, na kwa muda mrefu mazungumzo ya nyumbani yalikuwa kama ya Marekani: nani atamtafutia mtoto wiki moja hospitalini? Sasa Baraza la Vyuo vya Udaktari la nchi hiyo linaeleza wazi kwamba si lazima kijana awe amemfuata daktari. Kazi ya kuwahudumia watu inakubalika: kulea wazee katika makao yao, kujitolea kwa watu wenye ulemavu, hata kazi ya kuuza dukani ikiwa umejifunza humo kuzungumza na mtu aliyekasirika. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Familia kimetengeneza jukwaa la video liitwalo Observe GP, ambapo kijana asiye na mjomba daktari anaweza kutazama kazi ya kliniki ya mtaa bila kulipa. Janga la Uviko-19 lilipofunga hospitali mwaka 2020, kutazama kwa njia ya mtandao kulipata nguvu zaidi pande zote mbili za Atlantiki.

Naona Waingereza wamegusa kitu ambacho Wamarekani bado wanakizunguka. Anayemfuata daktari anauona ugonjwa kutoka kwenye bega la daktari. Anaingia wodini saa tatu asubuhi na kutoka saa tano, anakutana na mgonjwa aliyekwisha kusafishwa, kubadilishiwa shuka na kulazwa vizuri ili raundi ipite. Nani alimgeuza usiku? Nani alimpa bakuli la kutapikia, nani alimsikiliza akilia kwamba hataki kukatwa mguu? Mtu akitaka kujua kama moyo wake unaweza kukaa na wagonjwa, afadhali zamu moja ya usiku pamoja na muuguzi kuliko raundi tano za bingwa. Nimeuguza, nayasema haya kwa kuyaona.

Sasa turudi kaskazini mwa Tanzania, maana kuna njia inayotoka kwenye ile fomu ya nafasi 15 hadi dirishani pangu. Kijana wa Marekani aliyekosa daktari wa kumfuata kwao, au aliyeambiwa na hospitali kwamba sheria ya faragha ya wagonjwa ya mwaka 1996, HIPAA, na hofu ya kushtakiwa haziruhusu mengi, anakuta kampuni inayomwahidi Afrika. Kwa maelfu ya dola atapata wiki kadhaa hospitalini Arusha au Moshi, kisha Serengeti, kisha fukwe za Unguja, na mwenye pumzi atapanda Kilimanjaro. Na wakati mwingine, kinachovutia zaidi, anadokezwa kwamba huku ataruhusiwa kufanya zaidi ya kutazama. Kushona. Kuchoma sindano. Kupokea mtoto leba. Mambo ambayo nyumbani kwao yangempeleka yeye na daktari aliyemruhusu mahakamani.

AAMC yenyewe iliona hatari hiyo. Mwaka 2011 ilitoa mwongozo kwa wanafunzi wanaokwenda nje ya nchi, wakiwamo hawa ambao bado hawajaingia chuo cha udaktari, ukiwataka wasifanye ugenini kile ambacho kiwango chao cha mafunzo hakiwaruhusu kufanya nyumbani, na ukiwatahadharisha kwamba kujisifia mambo hayo kwenye maombi kunaweza kuwaharibia. Mwanaanthropolojia Noelle Sullivan wa Chuo Kikuu cha Northwestern ametumia miaka kuwachunguza wageni wa namna hii katika hospitali za Tanzania, na ameandika waziwazi kuhusu madhara ya wasiofuzu kugusa wagonjwa. Kwa hiyo si sisi tu tunaolalamika. Wenye fomu wanajua.

Kwa nini basi hospitali zetu zinakubali? Jibu la haraka ni pesa, nalo ni la kweli kwa kiasi fulani: ada ya mgeni inaweza kununua glavu, na mwezi ambao glavu zimekwisha hilo si jambo dogo. Lakini naamini pesa si yote. Sisi ni watu wa ukarimu, na tuna msemo tunaoupenda, mgeni njoo mwenyeji apone. Mganga mfawidhi anayempokea kijana wa kigeni anatumaini urafiki utakaozaa mashine ya ultrasaundi, au barua ya kumsaidia daktari wake kijana kupata ufadhili wa masomo. Wakati mwingine hayo hutokea kweli.

Shida yangu ni neno mwenyeji. Pale kitandani mwenyeji alikuwa mama yangu. Mguu ulikuwa wake, kidonda chake, aibu ya kufunuliwa khanga mbele ya vijana asiowajua ilikuwa yake. Hakuna aliyemuuliza. Hospitali ilikaribisha wageni katika nyumba isiyo yake. Na mgonjwa wa wodi ya kawaida, hasa mzee, hasa asiye na bima nzuri, hawezi kukataa. Anaogopa kwamba akisema hapana, kesho daktari atakiruka kitanda chake. Ridhaa inayotolewa kwa hofu mimi siihesabu kuwa ridhaa.

Vijana wale sitawalaumu sana. Mmoja wao, yule aliyeinama, alirudi jioni peke yake bila koti, akamsalimia mama "Shikamoo" kwa matamshi ya kujitahidi, akamwachia machungwa. Mama alimwombea dua. Alikuwa mtoto wa watu anayetafuta njia, na mfumo wa kwao umemwambia njia inapita kwenye mwili wa mgonjwa maskini wa nchi nyingine.

Upande wetu sasa. Tanzania hatuna kivuli cha namna yoyote. Kuingia kozi ya udaktari wa binadamu unahitaji kufaulu Fizikia, Kemia na Biolojia kidato cha sita kwa viwango vilivyowekwa, au uwe na stashahada ya utabibu yenye wastani mzuri pamoja na sifa za sekondari. Hakuna barua ya kujieleza, hakuna usaili, hakuna anayekuuliza kama umewahi kukaa na mgonjwa. Kisha ni miaka 5 ya masomo, na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo kabla ya kusajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa kawaida miaka ya mwanzo ni ya anatomia, fiziolojia na biokemia. Wodi yenyewe mwanafunzi huizoea kuanzia mwaka wa tatu. Maana yake kijana anaweza kutumia miaka 2 ya kidato cha tano na sita, na miaka 2 ya chuo, pamoja na mkopo wa Bodi, kabla hajagundua kwamba harufu ya usaha inamwangusha au kwamba hawezi kukaa karibu na mtu anayekufa.

Wapo wanaosema basi tuige: tuweke usaili, tudai saa za hospitalini. Mimi napinga, na napinga kwa nguvu. Katika nchi ambayo barua ya utambulisho hupatikana kwa kumjua mtu, alama za mtihani wa taifa wa NECTA zina heshima moja kubwa: haziulizi wewe ni mtoto wa nani. Binti wa mkulima wa Kakonko na kijana wa Masaki wanafanya karatasi ileile siku ileile. Shule zao hazilingani, najua, na hilo ni dhuluma ya aina yake. Lakini ukiongeza kigezo cha saa 100 hospitalini, kufikia mwaka unaofuata utakuta fomu zilizogongwa mihuri na wajomba, na binti wa Kakonko amesukumwa nyuma kwa kosa la kuzaliwa katika ukoo usio na daktari. Wamarekani wametuonyesha tayari hilo linakwenda wapi.

Ninachotaka ni kitu kingine: kutazama kuwe haki ya kijana anayefikiria udaktari, kusiwe kigezo cha kumchuja. Na kuje mapema, kabla njia haijafungwa.

Njia inafungwa lini? Wazazi wengi hudhani ni kidato cha sita. Ukweli ni kwamba inafungwa wakati wa kuchagua tahasusi, yaani kundi la masomo ya kidato cha tano na sita. Mtoto huijaza Selform, fomu ya uchaguzi huo, akiwa bado kidato cha nne, na matokeo yakitoka hupewa muda wa kubadili. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65 badala ya zile chache tulizozizoea, kwa hiyo uchaguzi umekuwa mpana na mgumu zaidi. Anayechukua PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, huku moyo wake uko kwenye uhasibu amejifunga miaka 2, na anayeikimbia PCB kwa kuogopa Fizikia huenda amekimbia kazi ambayo angeifanya vizuri kuliko wote darasani kwake.

Na tazama kalenda ilivyokaa. Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba. Kidato cha tano huanza Julai. Katikati kuna zaidi ya nusu mwaka ambamo mamia ya maelfu ya watoto wetu hukaa nyumbani. Wenye uwezo hupelekwa kozi ya kompyuta na Kiingereza. Wengine huuza genge, huchunga, hulea wadogo zao, au huzurura. Sijui kipindi kingine katika maisha ya kijana wa Kitanzania ambacho siku tano za kutazama kazi zingezaa faida kubwa kuliko hiki.

Siku tano zinatosha. Wala si lazima iwe hospitali ya rufaa. Tena nashauri isiwe. Hospitali ya rufaa ina wanafunzi wake, makundi kwa makundi, wanafunzi wa udaktari, wauguzi, maabara. Kitanda kimoja tayari kinazungukwa na watu kumi. Zahanati na vituo vya afya ndiko kazi inakoonekana yote kwa macho ya mtu mmoja. Tabibu wa zahanati anaona mtoto mwenye homa, anachoma kidole kupima malaria, anajaza rejista, anagombana kwa simu kuhusu dawa ambazo hazijaletwa, anampa rufaa mama mjamzito mwenye presha na kuhangaika gari litatoka wapi. Kijana akiyaona hayo ataelewa jambo ambalo hakuna kitabu cha Biolojia kitamwambia: sehemu kubwa ya kazi hii ni kujua nini kifanyike na kutokuwa na cha kukifanyia. Anayeweza kuvumilia hali hiyo bila kuwa mkali kwa wagonjwa, huyo tumwombee afaulu.

Ataona pia makaratasi. Nalitaja hili kwa sababu hakuna anayelitaja. Daktari huandika sana: faili, fomu za bima, rejista, taarifa za mwisho wa mwezi. Kijana anayedhani atashinda anaokoa maisha ya watu ajue kwamba atashinda vilevile anajaza visanduku, na kwamba kisanduku kilichojazwa ovyo kinaweza kumnyima mgonjwa dawa.

Masharti lazima yawepo na yawe magumu. Kijana asiguse mgonjwa, hata kushika taa asishike akiambiwa na mtu asiye msimamizi wake. Simu iachwe mlangoni. Asivae koti jeupe, kwa sababu koti linamdanganya mgonjwa. Avae sare ya shule au kitambulisho kinachosomeka kwa Kiswahili, mwanafunzi mtazamaji. Kila mgonjwa aulizwe kabla kijana hajaingia, si akiwa tayari amekaa kitini, na aulizwe na mtu asiyemtibu, ili kukataa kusimgharimu kitu. Chumba cha vipimo vya VVU, leba na uzazi wa mpango kisiingiwe kabisa.

Kuna sharti ambalo miongozo ya Ulaya na Marekani hailipi uzito tunaouhitaji sisi. Katika kata yetu watu wanajuana. Kijana akipelekwa zahanati ya kwao, mgonjwa wa nne kuingia anaweza kuwa mwalimu wake wa Jiografia, wa sita mke wa jirani. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile nyeti, lakini sheria haiwezi kuziba mdomo wa mtoto wa miaka 17 kisimani. Dawa ni kumpeleka kata nyingine, mbali kidogo, asikojua mtu. Nauli ya bodaboda siku tano ni bei ndogo kwa siri ya mgonjwa. Halmashauri zinaweza kulipanga hili kupitia mganga mkuu wa wilaya na afisa elimu sekondari: shule inapeleka majina ya wanaotaka, si ya waliochaguliwa kwa alama wala kwa ukoo, vituo vinapangwa kwa kura. Na hospitali inayopokea wageni wanaolipa ada itenge sehemu ya ada hiyo kulipia nauli na chakula cha mchana cha watoto hawa. Nikipewa nafasi ya kuchagua pendekezo moja litekelezwe, ningechagua hili la mwisho.

Nina neno pia kwa ndugu zetu walio Marekani, maana wapo waliofika kutoka Kongo, Burundi, Kenya na hapa kwetu, na watoto wao sasa wanaijaza ile fomu ya nafasi 15. Wazazi wengi hawakuambiwa kwamba alama nzuri pekee hazitoshi kule, na mtoto anafika mwaka wa tatu wa chuo ndipo anasikia habari za kumfuata daktari. Asikate tamaa. Mama anayefanya kazi ya usaidizi wa wauguzi katika makao ya wazee anaweza kumwonyesha mwanawe njia ya kupata cheti cha kazi hiyohiyo, na kijana aliyewaogesha na kuwalisha wazee kwa mwaka mzima, tena akilipwa, ana jambo la kusema ambalo mwenye saa 200 za kusimama hana. Na wale waliokuwa wakimtafsiria mama yao kliniki tangu wakiwa na miaka tisa, wakimwambia kwa Kiswahili au Kirundi habari ambazo mtoto hapaswi kuzibeba: tangu mwaka 2016 kanuni za shirikisho zinakataza hospitali kumtegemea mtoto kuwa mkalimani isipokuwa kwa dharura, hivyo walifanyishwa kazi isiyokuwa yao. Lakini walichokiona pale, daktari akizungumza haraka na mama akitikisa kichwa bila kuelewa, ni elimu. Waiandike.

Mtoto wa kaka yangu alipata siku zake tano, mwezi Februari. Alizipata kwa sababu tabibu mmoja wa zahanati, kata ya mbali na kwetu, nilisoma naye sekondari. Kwa kujuana, ndiyo. Inaniuma, na ndiyo sababu mojawapo ya kuandika makala haya. Tulikubaliana masharti, akakaa kwenye stuli pembeni ya mlango.

Siku ya tatu aliingia mama mmoja na mtoto mgongoni. Muuguzi akamuuliza kama binti anaweza kubaki. Yule mama akamtazama juu hadi chini, akasema hapana, atoke. Akatoka, akakaa kwenye benchi la nje pamoja na wagonjwa wengine hadi alipoitwa tena.

Jioni alitusimulia tukiwa barazani. Katika siku nzima, wagonjwa zaidi ya arobaini, alilosimulia ni hilo. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu umenyooshwa, kidonda kikiwa kimeanza kuziba.

"Ulikasirika?" akamuuliza.

"Hapana, bibi. Nilikuwa nawaza, ina maana hata wewe ungeweza kukataa."

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akavuta khanga hadi chini ya goti. "Haya," akasema, "wewe njoo utazame."